Kabla Hujawa Steringi, Mtazame Bogart

Mdogo wangu unayeingia kwenye uigizaji, kazi yangu mimi ni kupanga ratiba za kushuti na kutafuta watu wa kujaza nafasi. Kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo mwalimu wa uigizaji huenda asikueleze. Mtayarishaji akitajiwa jina la mwigizaji, haulizi kwanza kama anajua kulia mbele ya kamera. Anauliza, "Huyo hasumbui?" Nyota nyingi huzimika kwenye swali hilo, na wenyewe hawajui kwa nini simu haziiti tena.

Ukitaka kuona jinsi jina linavyojengwa na watu unaofanya nao kazi, msome Humphrey Bogart, mwigizaji wa filamu wa Marekani. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimweka wa kwanza kwenye orodha yake ya magwiji wa kiume wa sinema ya zamani. Watu huikariri hiyo namba moja, wakasahau kwamba alizaliwa Krismasi ya 1899 na hakuwa steringi wa uhakika mpaka 1941. Kijana wa miaka 22 anayelalamika kwamba amecheleweshwa na aihesabu kwanza miaka hiyo.

Bogart hakutoka familia ya shida. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji huko New York, mama yake mchoraji aliyelipwa vizuri. Shule ya bweni ilimshinda akafukuzwa, akaingia jeshi la majini, akarudi, akapata kazi kwa mtayarishaji wa maigizo William Brady. Kazi gani? Nyuma ya pazia. Alikuwa meneja wa jukwaa kabla ya kupewa sehemu ndogondogo za vijana watanashati wanaoingia sebuleni, wakasema maneno mawili matatu na kutoka. Nawaambia hili ninyi mnaokasirika mkiombwa kushika taa au kusoma mistari ya mwenzenu ambaye hajafika. Aliyewahi kusimamia jukwaa anajua mwigizaji mmoja akichelewa dakika kumi ni watu wangapi wanakaa bure. Bogart alisifika kwa kufika kwa wakati akiwa ameshika mistari yake yote, hata baada ya usiku wa pombe, na pombe kwake haikuwa ya kubahatisha. Ulevi wake usiuige. Mistari ndiyo uishike.

Alikwenda Hollywood mara ya kwanza mwaka 1930, hakufua dafu, akarudi New York. Mlango ulifunguka 1935, alipopewa kucheza jambazi Duke Mantee katika igizo la The Petrified Forest, Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York. Steringi alikuwa Mwingereza Leslie Howard, jina kubwa wakati huo. Kampuni ya filamu ya Warner iliponunua igizo ili ilifanye filamu, ilitaka jambazi awe Edward G. Robinson, maana ndiye aliyekuwa akiuza tiketi. Howard akampelekea Jack Warner telegramu: Bogart asipokuwemo, na yeye hayumo. Warner akanywea. Filamu ikatoka 1936, Bogart akapata mkataba. Howard alikufa vitani mwaka 1943, ndege aliyopanda ilipotunguliwa. Miaka tisa baadaye Bogart alipata binti, akamwita Leslie.

Soma tena hapo. Howard hakumbeba Bogart kwa huruma. Walikuwa wamecheza pamoja jukwaani karibu mara 200, na kila usiku Howard alimwona mwenzake akifanya kazi ileile kwa uzito uleule. Mtu wa kukusemea ukiwa hupo ndivyo anavyopatikana. Picha ya pamoja mtandaoni haikupi mtu huyo.

Baada ya hapo njia haikunyooka, na hapa ndipo wengi wangekata tamaa. Warner ilimtumia kama adui wa kukodi. Mwaka 1937 peke yake alitoka kwenye filamu saba. Aliuawa na James Cagney, aliuawa na Robinson, na mwaka 1939 alipewa sehemu ya daktari aliyefufuka anayehitaji damu za watu, kwenye filamu ya vitisho aliyoichukia mpaka kufa kwake. Mkataba wa studio siku zile ulikuwa wa mshahara: ukikataa kazi unasimamishwa bila malipo. Alinung'unika sana, lakini akicheza alicheza. Wapo wanaoiita miaka hiyo ya kupotea. Mimi naiona tofauti. Filamu saba kwa mwaka ni kujifunza kamera kwa mshahara, kujua taa inakukuta wapi, na kujua kusimama bila kufanya lolote huku mwenzako akiongea. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kisha ikaja bahati, na bahati yenyewe ilipitia kwa George Raft. Raft alikuwa steringi mkubwa wa Warner. Alipewa High Sierra akaikataa, na sababu mojawapo ni kwamba mhusika anakufa mwishoni. Sisi tuliokua tukiambiwa steringi hafi tunamwelewa kabisa! Bogart akaichukua, akafa vizuri mlimani, na watazamaji kwa mara ya kwanza wakamlilia mtu waliyezoea kumzomea. Mmoja wa walioandika skripti ile ni John Huston. Mwaka huohuo wa 1941 Huston akapewa kuongoza filamu yake ya kwanza, The Maltese Falcon. Raft akaikataa na hiyo; hakutaka kujaribiwa na mwongozaji mgeni, tena kwa hadithi iliyokwisha kufanywa filamu mara mbili. Ikarudi kwa Bogart.

Bajeti haikufika dola 400,000. Huston alikuwa amechora kila onyesho kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza, na walishuti karibu kwa mpangilio wa hadithi yenyewe, jambo ambalo sisi wapanga ratiba huwa tunalikwepa kwa sababu ni ghali. Kwa mwigizaji ni neema. Kuna mahali mpelelezi Sam Spade, ndiye Bogart, anagombana na wahalifu, Gutman na wenzake, chumbani kwao, anapandisha hasira, anavunja glasi, anatoka akibamiza mlango. Akifika koridoni anautazama mkono wake, unatetemeka, anatabasamu. Basi. Hakuna neno hata moja, nawe umeshajua kwamba hasira ilikuwa ya kuigiza, ila hofu ilikuwa ya kweli. Mwalimu wako akikuambia "punguza", anamaanisha kitu cha namna hiyo.

Mtazame pia anayekaa mbele yake. Sydney Greenstreet alikuwa na miaka 61, mkongwe wa jukwaani, na hajawahi kusimama mbele ya kamera ya sinema. Peter Lorre alikuwa mkimbizi aliyetoka Ulaya. Wote wawili wakaonekana tena na Bogart kwenye Casablanca ya mwaka 1942. Filamu hiyo ilishutiwa skripti ikiwa haijakamilika, mpaka Ingrid Bergman akawa anauliza kati ya wanaume wawili yeye anampenda yupi, wakamwambia acheze katikati. Bogart alikuwa mfupi kuliko Bergman, akavalishwa soli za kumwinua. Hakuona aibu, na wewe usione aibu mkiwekewa kreti usimame juu yake.

Sasa somo kwa siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye jina. Mwaka 1944 mwongozaji Howard Hawks alimleta Lauren Bacall, miaka 19, hajawahi kucheza filamu, acheze na Bogart. Siku ya kwanza alitetemeka mpaka kichwa kikawa hakitulii. Akagundua kwamba akiinamisha kidevu karibu na kifua na kuinua macho tu kumtazama Bogart, kichwa kinatulia. Mtazamo huo wa kuficha woga ndio uliompa umaarufu duniani. Bogart, mwenye miaka 44, alimtania kati ya pigo na pigo, yaani kamera inapozimwa kabla ya kuwashwa tena, ili alegee. Angeweza kukunja uso na kutazama saa. Wapo steringi wa aina hiyo, na mgeni huganda kabisa. Kilichofuata mnakijua, walioana Mei 1945 na wakafanya filamu nne pamoja. Msije mkasema nimewatuma lokesheni kutafuta wachumba.

Na Huston wakaendelea. The Treasure of the Sierra Madre na Key Largo zilitoka 1948. Katika ile ya kwanza Bogart alikubali kuwa mchafu, mwenye tamaa na wazimu. Huston akapata Oscar mbili, baba yake Walter akapata moja, Bogart hata kutajwa hakutajwa. Hakususa. Mwaka 1951 alimfuata Huston mpaka Kongo na Uganda kushuti The African Queen pamoja na Katharine Hepburn, katika hadithi iliyowekwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Ile meli ya kivita ya Wajerumani kwenye hadithi inahusishwa na Graf von Götzen, ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba.

Hali huko haikuwa ya mchezo. Boti ya kuigizia ilizama usiku mmoja ikabidi ivutwe juu. Watu wa kamera na taa waliugua mmoja baada ya mwingine, na Hepburn, aliyeshikilia kunywa maji kuwapa mfano walevi, alitapika kati ya pigo na pigo. Bogart na Huston hawakuugua, wakatania kwamba wiski ndiyo dawa. Bacall, ambaye hakuwa na sehemu kwenye filamu, alisaidia kupika. Bogart alilalamikia joto, wadudu na chakula kila siku. Ila kamera ikiwaka, yupo.

Kuna uamuzi mmoja pale ninaupenda. Kwenye kitabu kilichozaa filamu hiyo, nahodha wa boti, anayechezwa na Bogart, ni mtu wa London mwenye lafudhi ya mitaa ya kwao. Bogart hakuiweza lafudhi hiyo. Badala ya kuilazimisha, wakamfanya mhusika kuwa Mkanada, kazi ikaendelea. Kijana wa Mwanza anayelazimisha lafudhi ya Kimombasa kwa kazi nzima angeomba mapema mhusika abadilishiwe kwao. Wanaokupenda watakubali, ukiwaambia kabla ya siku ya kushuti. Machi 1952 Bogart alichukua Oscar yake pekee, akamshinda Marlon Brando.

Hakuwa malaika. Kwenye Sabrina ya mwaka 1954 aliingia akijua yeye ni chaguo la pili baada ya Cary Grant, akanuna, akagombana na mwongozaji Billy Wilder na mwenzake William Holden. Itazame, utamwona kama mtu aliyeko kituoni akisubiri basi. Lakini mwaka uleule kuna The Caine Mutiny, ambayo aliitaka kiasi cha kukubali malipo ya chini ya bei yake, na pale kwenye kizimba cha mahakama, akizungusha vidude viwili vya chuma mkononi huku akili inamtoka, yuko juu ya kila mtu.

Ukitaka kuanza kumtazama, usianze na Casablanca, kila mtu anaanza hapo. Tafuta kwanza mojawapo ya filamu zake za 1937 ambamo ni adui wa pembeni, kisha The Maltese Falcon, kisha The African Queen. Tazama mara moja kwa sauti, mara ya pili zima sauti. Andika kwenye daftari kila anapomsikiliza mwenzake, siyo kila anapoongea. Ukija kwenye usaili wangu njoo na hilo daftari, na uje saa mbili kamili kama ulivyoandikiwa.