Maisha ya mmisionari kijana

Mama, umeuliza mwanao mwenye miaka 19 ataishije akienda utume wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kwa miezi 24 ataamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asome maandiko, kisha ashinde njiani na mwenzake, wala hawaachani. Lililonitaabisha zaidi mimi, niliyelelewa hapa Malindi, ni kukataa chai na kahawa, kwa kuwa kanisa linakataza vinywaji hivyo: mzee mmoja alinimiminia kahawa tungu katika kikombe kidogo, kashata pembeni, na nilipomwomba maji aliuweka mdila chini taratibu, asiseme neno. Upweke upo, lakini tangu 2019 wanaruhusiwa kuwapigia wazazi simu kila wiki, nawe usikose kuipokea.