Maswali ya Lugha: "Dire" Moja, Vitenzi Viwili

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na huu ni mwaka wa pili tangu nianze kuuza vitenge katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Masomo yangu yote niliyapata kwa Kifaransa, na Kiingereza ninajifunza jioni nikishafunga kibanda. Majuzi nilimwambia mteja "say me your price", akacheka. Wiki hiyo hiyo nilimwandikia mwenye nyumba "I demand you to repair the door", naye akanijibu kwa ukali ulionishangaza. Kwa Kifaransa "dire", yaani kusema au kuambia, hunitosha kote. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele.

JIBU: Salamu nimezipokea, dada. Makosa yote mawili yametoka katika Kifaransa, lakini dawa ya lile la kwanza unayo tayari, kwa kuwa Kiswahili unakizungumza kila siku pale sokoni. Unapotaka kutunga sentensi ya Kiingereza yenye "say" au "tell", usianzie kwenye "dire". Anzia kwenye "kusema" na "kuambia".

Angalia jinsi vitenzi hivi viwili vinavyofanya kazi. "Kusema" huweza kusimama bila kumtaja anayesikia: alisema kwamba bei imepanda. "Kuambia" hakukubali hivyo, kwani ni lazima kiambishi cha mtu anayeambiwa kiingie ndani ya kitenzi, na ndiyo maana tunasema "alimwambia" au "aliniambia", wala hakuna Mswahili atakayesema "aliambia kwamba bei imepanda". "Tell" ina tabia hiyo hiyo. "Aliniambia" ni "she told me", na "alisema" ni "she said". "She said me" na "she told that" ni makosa, na la pili linakwaruza sikio kama hilo "aliambia kwamba". Ukipenda kutumia "say" na bado umtaje msikilizaji, tanguliza "to": "she said to me".

Kiswahili kinakufaa zaidi katika kauli ya kutendwa. Mfaransa husema "on m'a dit", yaani "mtu ameniambia", kwa sababu lugha yake haimruhusu kumgeuza anayeambiwa kuwa kiima, na wanafunzi wengi wa Kifaransa hukwama hapo wakitafuta neno la Kiingereza la kuziba nafasi ya "on". Wewe una "niliambiwa", nayo ni "I was told", neno kwa neno. "I was said" haiwezekani. Hata kwetu "nimesemwa" ina maana nyingine kabisa, ya mtu aliyetetwa au kukaripiwa.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo Kiswahili nacho kitakupotosha. Sisi husema kweli na husema uongo, lakini Mwingereza "tells the truth" na "tells a lie", kama vile "tells a story" na "tells the time", bila kulazimika kumtaja msikilizaji. Kosa la "say the truth" nimelisikia Nakuru kwa watu wasiojua hata neno moja la Kifaransa. Huenda utakumbuka kwa urahisi ukijua kwamba zamani "tell" ilikuwa na maana ya kuhesabu pia, na ndipo karani wa benki anayehesabu fedha alipopata jina la "teller". Kifaransa chenyewe kina ndugu wa namna hiyo: "conter", kusimulia, na "compter", kuhesabu, vyote vimetoka katika neno moja la Kilatini.

Kuhusu "parler", yaani kuzungumza, sina mengi. Lugha huwa na "speak", hivyo ni "I speak French", si "I say French" wala "I talk French". "Talk" ni ya maongezi ya watu, na "speak" ina urasmi zaidi.

Sasa lile la mwenye nyumba, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la mteja, kwa sababu kosa la sarufi huchekesha tu ilhali hili linagombanisha. "Demander" ya Kifaransa ni kuuliza au kuomba kwa kawaida, bila ukali. Waingereza walilichukua neno hilo kutoka Kifaransa, lakini kwao likawa gumu, na leo "demand" ni kudai, tena kudai kwa sauti ya mtu anayejiona ana haki. Mwenye nyumba aliposoma ujumbe wako aliona anaamrishwa. Neno ulilolihitaji ni "ask", ambalo Waingereza hulitumia kwa kuuliza na kwa kuomba pia.

Jihadhari vilevile na "explain". "Explique-moi" na "nieleze" zote zitakusukuma useme "explain me", lakini Kiingereza kinataka "explain it to me". Na unapotamka "said" na "says", usifuate herufi: ni "sed" na "sez".

Mteja mwambie "tell me your price". Mwenye nyumba mwandikie upya: "May I ask you to repair the door?"