Umepata kazi ya runinga? Usiliache jukwaa bado

Kila kipindi kipya kinapoanza kurekodiwa Nairobi, napata ujumbe kutoka kwa kijana fulani niliyewahi kumwelekeza: "Mwalimu, nimechukuliwa kwenye runinga. Si sasa niachane na mambo ya shule?" Mambo ya shule ni zile tamthilia za vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa, tunazozungusha katika shule za upili kwa ajili ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Wengi wetu ndizo zilizotulisha. Lakini watu huziona kama kazi ya wanaosubiri kazi, kwa hivyo mtu akionja runinga huwa wa kwanza kuzikataa.

Jibu langu huwa: usiache, angalau si mwaka wa kwanza. Wala sizungumzii mapenzi ya sanaa, maana mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Nazungumzia namna runinga inavyofanya kazi.

Hadithi ya runinga hairekodiwi kwa mpangilio ilivyoandikwa. Maonyesho yote ya sebuleni hufanywa pamoja kwa sababu taa zimeshawekwa pale, kisha watu huhamia kwingine. Asubuhi unamzika mumeo. Baada ya chakula cha mchana unakutana naye mara ya kwanza, na unatakiwa uone haya. Anayeshughulikia mwendelezo atakukumbusha kikombe kilikuwa mkono upi na kilemba kilifungwaje, basi. Moyo wa mhusika ulikuwa umefika wapi, hilo utajijua mwenyewe. Aliyemcheza mhusika mmoja toka mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, mbele ya watu, shule baada ya shule, amezoea kuibeba safari hiyo. Aliyeanzia kwenye kamera mara nyingi hutoa uzito sawa kwa kila onyesho. Analia Jumatatu, analia Jumanne, na hadithi ikifika pahali pa kulia kwa kweli, mtazamaji keshachoka na machozi yake.

Na jukwaa la shule si mchezo. Fikiria bwalo lenye paa la mabati, mvua inanyesha, wasichana wamebanana kwenye benchi hadi mlangoni, na kipaza sauti hakuna. Baadhi yao wana kitabu mapajani. Ukiruka mstari watanong'ona, na mwalimu wa Kiswahili aliyeketi mbele atakukazia macho (naye ana haki, mtihani ni wake pia). Mhusika akitaja mapenzi, bwalo zima litalipuka. Huwezi kukipita kicheko kile kwa kupaza sauti, na huwezi kucheka nao. Unakiacha kidogo, kianze kushuka, kisha unaingia na mstari unaofuata kabla hakijaisha kabisa. Ukichelewa kidogo tu, umewapoteza. Sijaona darasa linalofundisha hilo kwa maneno.

Kweli, yako mazoea ya jukwaani ambayo kamera haiyataki. Mikono inatembea mno. Sauti inamtafuta mtu wa benchi la nyuma wakati maikrofoni iko kifuani pako. Dawa yake naiona ni moja: punguza sauti, usipunguze nia. Sema mstari wako kama unayemwambia abiria mliyeketi naye kwenye matatu jambo ambalo hutaki dereva asikie. Jirekodi kwa simu, utazame bila sauti. Kama bado unaelewa unachokitaka kwa yule mwenzako, uko sawa.

Sasa, kwa anayetaka kuelekeza mchezo. Wengi hungoja mpaka wawe na jina. Afadhali uanze kwa kuomba kazi ya meneja wa jukwaa, ile isiyopigiwa makofi. Wewe ndiwe unayejua nani anaingia kutoka wapi, kwa maleba gani, ameshika nini. Tukiwa waigizaji wachache na kila mmoja anacheza wahusika wawili au watatu, mtu huyo ndiye anayejua kama mchezo unawezekana.

Ukishakuwa mwelekezi, usimsomee mwigizaji mstari wake ili auige. Mpe kazi ya mikono. Miaka ile Kigogo ya Pauline Kea ilipokuwa ikitahiniwa, onyesho la kwanza lilikuwa likitusumbua: Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago katika soko la Chapakazi huku wakizungumza. Wachezaji walikuwa wakikariri tu. Nikaleta magogo na patasi za kweli, nikasema kila mtu achonge bila kusimama. Papo hapo mazungumzo yakapata mapigo, na Sudi alipoisimamisha patasi yake, kila aliyekuwa chumbani aligeuka kumtazama bila mimi kuagiza lolote.

Fungua mazoezi pia. Kule Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakawa wanasahihisha: mzee hatembei hivyo, wimbo huu hauimbwi hivi. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwaka huo huo, lakini njia yenyewe bado inafaa. Mimi huwaalika mabawabu na akina mama wauza chai wa karibu. Wao hawajui adabu ya kusifia wasanii. Wakichoka, wanaondoka, nami naandika pembeni ya mswada ni ukurasa gani.

La mwisho ni pesa, na hapa nitakuwa mkali. Kampuni moja iliwahi kuniambia malipo yangefika mwisho wa mwezi. Yalifika mwaka uliofuata, tena nusu. Kabla ya kutia sahihi, uliza malipo yanaingia baada ya siku ngapi, na kipindi kikirudiwa hewani au kikiuzwa kwingine wewe unapata nini. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazitambua haki za mwigizaji, ila mkataba unaweza kukufanya uziachie zote kwa sahihi moja. Mwombe mtu anayejua sheria ausome, hata kwa soda. Kisha waonyeshe ratiba ya maonyesho yako ya shule na uombe tarehe hizo ziandikwe ndani ya mkataba. Muhula wa tatu watahiniwa huwa wameanza mitihani na safari zetu za shule zimetulia, kwa hivyo unayoyaombea nafasi hasa ni ya muhula wa kwanza na wa pili. Nimeona watayarishaji wakikubali, mradi uliwaambia kabla hawajapanga siku za kurekodi.