Wadogo zangu, hesabuni fundo kabla ya kuchora

Wiki hii, kwenye studio yetu ya uhuishaji, nimekuta tena fremu ya mdogo wetu mmoja: ukurasa wa nakshi za Zama za Kati, lakini chini ya mhusika kivuli kimelala kama cha saa kumi jioni. Mara ya ngapi sasa?

1. Kivuli toeni. Katika filamu ya uhuishaji The Secret of Kells (2009), waongozaji Tomm Moore, Nora Twomey na wenzao wa studio ya Cartoon Saloon, kule Kilkenny, Ireland, waliepuka kina kwa makusudi. Msitu umelazwa bapa kama nakshi ya ukurasa.

2. Rejea isiwe filamu peke yake. Kitabu cha Kells chenyewe, Injili zilizoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa nakshi karibu mwaka 800, kiko Trinity College, Dublin, na kurasa zake zinaonekana bure mtandaoni.

3. Fundo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa shoti ya sekunde 12, ukingo wa mafundo, yaani tepe zinazopishana juu na chini, unaojisuka wenyewe. Michoro 12 kwa sekunde, jumla 144. Sikuhesabu. Kwenye fundo la tisa utepe wangu ulipita juu mara mbili mfululizo. Mchoro ukitulia huoni kitu. Ukianza kutembea, utepe unakatika na kuruka. Msimamizi aliliona baada ya rangi kupakwa, akamgeukia dada aliyepaka. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Dada yule alikesha siku mbili akirudia kazi isiyokuwa na kosa lake. Usiku wa tatu nikashindwa kulala, nikaenda kumwambia dada yule. Alinitazama tu, akasogeza kiti, tukaanza upya kutoka mchoro wa kwanza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nimelelewa na bibi msusi wa ukili. Miyaa juu, chini, juu, chini; akikosea mmoja anafumua mpaka alipokosea, hata kama giza limeingia. Nilikuwa naijua kanuni hiyo kabla sijajua kusoma.

4. Msijaze kila pembe kwa pupa. Fungueni ukurasa wa Chi Rho (herufi mbili za Kigiriki zinazoanza jina la Kristo), ule unaohuishwa mwishoni mwa filamu. Umejaa kweli, ila kila kiumbe kina mahali pake: paka na panya chini, na karibu yao fisi maji mwenye samaki. Kila mgeni wa studio namwambia amtafute huyo fisi maji. Aliyempata upesi kuliko wote ni mdogo wetu yuleyule wa kivuli.