Ada ya kuwaunganishia maji biashara na taasisi: anza na dira ya maji, si kibao cha mlangoni

Ukipangiwa meza ya wateja wapya kwenye mamlaka ya maji, maombi ya nyumba za kuishi hayatakusumbua sana, maana yanafanana. Kazi ipo kwa wale wengine: mgahawa, zahanati, gereji, shule ya bweni, lodji, machinjio, kiwanda cha juisi. Ni rahisi kuandika "biashara" kwenye fomu, kisha ukamtoza kila mwenye kibao cha duka ada moja. Mbaya zaidi ni kumkadiria mtu kwa ukubwa wa geti lake.

Mama lishe mwenye karo moja na koki mbili hauelemei mtandao kuliko familia ya watu wanane wanaoishi nyuma yake. Kumtoza mara mbili ya familia ile kwa sababu anauza chakula ni kumwonea, na ndivyo watu wanavyoishia kununua maji ya madumu au kujiunganishia usiku. Swali la haki ni moja tu: mteja huyu atauongezea mtandao mzigo kiasi gani saa ile watu wengi wanapofungua maji kwa pamoja?

Nenda ghalani, chukua dira mpya (mita ya maji), usome uso wake. Utaona herufi Q3 na namba. Huo ndio mtiririko ambao dira inaweza kuupitisha muda wote bila kuharibika, kwa mita za ujazo kwa saa. Dira nyingi za milimita 15, zile za nusu inchi tunazofunga majumbani, zina Q3 ya 2.5. Ya milimita 25 huwa na 6.3, ya 50 huwa na 25. Kwa hiyo ukiihesabu nyumba ya kawaida kuwa uzito mmoja, mwenye dira ya milimita 25 ana uzito wa 2.5, na wa milimita 50 ana 10. Kwa kipimo hicho saluni ya nusu inchi inalipa sawa na nyumba, na hoteli kubwa inalipa mara kumi, bila mtu kubishana nani tajiri.

Sasa uzito huo uuzidishe na nini? Tuchukue mfano. Mradi wa tangi na pampu umegharimu shilingi bilioni 2 na una nafasi ya wateja 4,000 wa nusu inchi. Kwa haraka utasema kila uzito ni shilingi 500,000. Subiri. Kama bilioni 1.2 zilitoka serikalini au kwa mfadhili, mamlaka haikuzitoa, hivyo haiwezi kuzidai kwa mteja. Inabaki milioni 800, yaani shilingi 200,000 kwa kila uzito; huo ndio mchango wa mtandao. Na kama sehemu ya deni la mradi tayari imo ndani ya bei ya kila uniti, iondoe pia. Kumlipisha mtu tangi lilelile wakati wa kuunganishwa, kisha tena kwenye bili ya kila mwezi, ni kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii, na halionekani mpaka mtu akae chini na karatasi.

Bomba, viungio, dira, uchimbaji na kurudishia barabara ni hesabu nyingine kabisa. Hizo zitozwe kwa gharama halisi ya eneo lake. Amana nayo ikae mstari wake, kwa sababu ni fedha ya mteja.

Kuwa makini na ukubwa wa bomba anaouomba mteja. Mafundi wengi humshauri mwenye lodji achukue inchi mbili ili "maji yaje kwa nguvu". Lakini kama ana tangi la lita 10,000 linalojaa kwa saa kumi, anavuta mita moja ya ujazo kwa saa, na dira ya nusu inchi inamtosha. Mweleze hivyo kabla hajalipa. Dira kubwa kupita mahitaji pia haisomi vizuri maji madogo, kwa hiyo choo kinachovuja usiku kucha kinakuwa hasara ya mamlaka. Bomba la zimamoto usilihesabu kwa kipenyo chake, maana hukaa kimya mpaka siku ya moto. Na nyumba ikigeuzwa lodji, mwenye nyumba anadaiwa tofauti ya uzito tu.

Kwenye majitaka kipenyo hakitoshi. Mazoea ni kukadiria kwamba asilimia 80 ya maji safi hurudi kama majitaka. Kwa ofisi inakubalika. Kwa kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa ni dhuluma, kwa sababu maji mengi yanaondoka na malori, hivyo mruhusu afunge dira kwenye bomba la kutokea. Machinjio ni kinyume chake. Yakitoa mita za ujazo 20 kwa siku zenye BOD (kipimo cha oksijeni inayohitajika ili uchafu uoze) ya miligramu 2,000 kwa lita, hizo ni kilo 40 za uchafu unaokula oksijeni, sawa na mita za ujazo 133 za majitaka ya nyumbani yenye miligramu 300. Mzigo huo uweke kwenye bili na kibali chake. Ada ya kuunganisha ibebe chemba ya kuchukulia sampuli na ukaguzi wa mtego wa mafuta.

Shule na zahanati zikipewa punguzo, liandikwe wazi pamoja na nani anayelilipia. Binafsi napendelea malipo ya awamu kuliko msamaha, kwa sababu punguzo lililofichwa hulipwa na mteja mdogo asiyejua.

Mambo haya yote utayatetea mbele za watu. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ikiitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni ya wananchi, kuhusu bei zenu, mwenye hoteli atasimama kuuliza kwa nini yeye analipa mara kumi, na jirani wa mama lishe atauliza kwa nini mwenye biashara analipa sawa na yeye. Nenda na jedwali la Q3, hesabu ya mradi baada ya kuondoa ruzuku, na nakala ya makadirio ambayo mistari yake mitatu imetenganishwa: vifaa na kazi, mchango wa mtandao, amana.