Kukimbia na kuchora baada ya miaka 60: kipi kitangulie?

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyevuka miaka 60 anaweza kuendelea na mbio huku akichora, na kipi kitangulie asubuhi. Hapa Moshi mimi hutanguliza mbio, kwa mwendo unaoniruhusu kuzungumza bila kuhema, kwa sababu katika umri wetu misuli huchelewa kupona, na siku ya kupumzika baada ya mbio ndefu ni sehemu ya mazoezi yenyewe.

Kuhusu kuchora Mlima Kilimanjaro, usichelewe, kwani Kibo, kilele chake kirefu zaidi, huonekana vizuri alfajiri na mara nyingi hufunikwa na mawingu kabla ya saa nne. Mimi hubeba daftari dogo na penseli laini ndani ya mfuko wa plastiki, ili jasho lisiloweshe karatasi. Nikisimama, husubiri kwanza mapigo ya moyo yatulie, maana mkono unaotetemeka hauwezi kuufuata ule mstari mrefu unaoshuka taratibu kutoka Kibo upande wa kushoto, kisha ukapanda ghafla kwenye vilele vilivyochongoka vya Mawenzi. Mstari huo hupenda kuuchora wote bila kuinua penseli, ndipo niongeze vivuli vya mabonde. Theluji siichori kamwe, huiachia karatasi nyeupe.

Magoti yakilalamika kwenye mteremko, tembea bila kuona haya, na maumivu yakidumu, muone daktari kabla hujaongeza kilomita. Ukiweza, chagua njia za udongo zinazopita kwenye migomba badala ya lami.