Umeme ulikatika dakika ya 81: namna ya kubadili sheria za ligi ya PS bila kuivunja

Wadau, hapa Mbeya nimeona ligi nyingi za PS, yaani mpira wa PlayStation kwenye TV, zinaanza kwa kelele alafu zinakufa kimyakimya, na mara nyingi kinachoziua ni sheria zinazobadilishwa hovyohovyo. Sisemi haya kwa kusikia. Mimi mwenyewe niliwahi kuipasua ligi yetu ya Mwanjelwa ndani ya usiku mmoja, tena nikiwa ndo mratibu.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi la Mbeya la mwezi wa saba mnalijua, chumba kimejaa majaketi na wengine wamesimama mlangoni maana ni nusu fainali. Kaka mmoja bodaboda wa Kabwe anaongoza mbili moja, dakika ya 81, mpira anauzungusha kwa mabeki tu muda uende, mara umeme ukakata. Tukawasha tochi za simu na kila mtu akaanza kuongea kwa wakati mmoja. Sheria ya umeme hatukuwa nayo, hatukuwahi kuiandika popote, kwa hiyo nikatamka palepale kwamba mechi inarudiwa sifuri sifuri umeme ukirudi. Yule kaka hakubishana hata kidogo. Akaizungushia pedi ya kuchezea waya wake vizuri, akaiweka mezani, akapandisha zipu ya jaketi mpaka shingoni, akaniambia "Sawa kiongozi," akatoka. Wiki iliyofuata hakuja, na wenzake sita wa kijiweni hawakuja, watu 24 tukabaki 17 na ratiba yote ikavurugika.

Nimelifikiria sana lile jambo. Kurudia mechi labda isingekuwa mbaya kama tungekubaliana kabla ligi haijaanza. Ila mimi nilitunga sheria wakati chumba kizima kinajua nani ataumia nayo, na hapo hata ungekuja na sheria nzuri vipi mtu ataona umemlenga yeye. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndo mkubwa kuliko yote: sheria ibadilike ligi ikiwa imeisha. Katikati ya ligi likitokea jambo ambalo halijaandikwa, wale wawili wanaocheza ndo wakubaliane, wakishindwa itupwe shilingi, alafu jambo lenyewe liandikwe lisubiri.

Hata soka la uwanjani linaenda hivyo. Sheria zake zipo chini ya IFAB, bodi iliyoanza 1886, ina kura 8 tu, FIFA ana 4 na vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila kimoja kina 1, na badiliko halipiti mpaka lipate robo tatu, yaani kura 6. Likishapita kwa kawaida linaanza rasmi tarehe 1 Julai, wakati ligi nyingi za Ulaya zimeshamaliza msimu. Tukaona kama wao wanasubiri, sisi wa chumba chenye TV mbili tuna haraka ya nini.

Nilienda kijiweni Kabwe kumwomba msamaha yule kaka, tukanywa chai, wakarudi msimu uliofuata wote saba. Na ni yeye aliyeleta pendekezo la umeme. Siku hizi tuna kaunta buku, mwenye pendekezo anaandika kwanza tukio lililomfanya alilete, mechi gani, dakika ya ngapi, nini kilitokea. Ukiandika tu "hii sheria mbaya" hatulisomi. Lake lilikuwa hivi: umeme ukikata kabla ya mapumziko mechi inarudiwa, ukikata baada ya mapumziko magoli yanabaki, mnacheza kipindi kimoja cha mechi mpya mnajumlisha.

Kila mtu akalipenda, na tungepiga kura siku ileile lingepita. Bahati nzuri tulikubaliana lijaribiwe kwanza kwenye mechi za kirafiki wikiendi mbili. Wikiendi ya kwanza tu dogo mmoja amepigwa tatu, dakika ya 40 hivi, TV ikazimika, tukaangalia chini mguu wake upo juu ya swichi ya ekstensheni na taa ya nje inawaka kama kawaida! Manake akizima kabla ya mapumziko anaanza upya. Mezani hakuna aliyeliwaza hilo. Tukaongeza mstari mmoja, kwamba umeme unahesabika umekatika kama taa ya nje nayo imezimika, na ekstensheni ikapigiliwa juu ukutani. Kwa hiyo msiruke majaribio jamani, watu wakiwa na pedi mkononi wanaonyesha mambo ambayo kwenye maneno hayaonekani.

Kura nazo, tulikuwa tunapigia kwenye grupu la WhatsApp, tukaacha. Kule kuna watu wana mwaka hawajagusa pedi na wanapiga kura, alafu madogo wanaocheza kila siku hawana simu. Sasa tunapigia chumbani kwa kunyoosha mikono siku ya kugawa zawadi, anayepiga awe amecheza msimu huo, na robo tatu inahitajika kama wale wakubwa, kwetu ni mikono 18.

Msimu uliopita nilileta langu mwenyewe, bao la dhahabu kwenye muda wa nyongeza, yaani wa kwanza kufunga ameshinda na mechi inaishia hapo, kwa sababu foleni inakuwa ndefu na mama mwenye chumba anataka kufunga saa nne. Mwanachuo mmoja akasimama akasema hiyo FIFA waliileta 1993, ikaamua fainali ya Euro 1996 kwa bao la Bierhoff na ya 2000 kwa la Trezeguet, lakini ilipofika 2004 ikaondolewa, moja ya sababu ni kwamba timu zilikuwa zinaogopa kushambulia, na kwenye majaribio yetu si mmeona watu walivyokuwa wanarudisha mpira kwa kipa? Kweli tuliona. Tukahesabu mikono, 17. Mmoja umepungua, na mtunza daftari akaniangalia kama naomba tuhesabu tena. Nikamwambia aandike haijapita, akaandika, akaweka na tarehe, tukaendelea kugawa zawadi.